Wingu Lisiloleta Mvua

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya bweni wilayani Mbinga, ambako ndiko nyumbani kwetu. Kwa muda wa saa nzima nilieleza habari za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na galaksi yetu. Nilichora ubaoni, nikaandika tarakimu, nikataja majina ya wataalamu na miaka ya uvumbuzi wao. Nilipomaliza, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akaniuliza, "Samahani, Mwalimu. Wewe mwenyewe umeliona?"

Sikuwa nimeliona. Shahada yangu ya uzamivu niliipata katika nchi moja ya kaskazini, na sehemu kubwa ya tasnifu yangu ilihusu nyota za wingu hilo hilo. Nilikuwa nimepima mwanga wa nyota zake katika picha nyingi zilizopigwa na darubini za watu wengine. Lakini katika nchi ile Wingu Dogo halichomozi hata usiku mmoja katika mwaka. Na huku Mbinga, ambako hukaa juu ya upeo wa macho kwa muda wa saa 17 katika kila saa 24, nilikulia bila ya kuonyeshwa na mtu yeyote. Nilimjibu yule msichana ukweli. Darasa likacheka, nami nikacheka pamoja nao; lakini nilipokuwa njiani kurudi, swali lile halikunitoka moyoni.

Makala haya nayaandika ili kutetea jambo moja. Naona kwamba mwanafunzi wa sekondari wa kusini mwa Tanzania anastahili kuliona Wingu Dogo kwa macho yake mwenyewe, na kwamba sisi waalimu tuna wajibu wa kumwonyesha. Kazi hiyo haihitaji darubini wala fedha za wafadhili. Yahitaji usiku mmoja wa giza, na mwalimu aliye tayari kusimama nje pamoja na wanafunzi wake.

WINGU DOGO NI NINI?

Jua letu ni nyota moja miongoni mwa nyota zaidi ya bilioni 100 zilizokusanyika pamoja katika umbo la sahani kubwa. Kwa kuwa sisi tumo ndani ya sahani hiyo, tukiiangalia usiku huonekana kama ukanda mweupe uliokata anga, na ukanda huo huitwa Njia Nyeupe. Mkusanyiko mkubwa wa nyota wa namna hii ndio uitwao galaksi. Kando ya galaksi yetu ziko galaksi nyingine ndogo ndogo, ambazo kwa udogo wao huitwa galaksi kibete. Karibu zote ni hafifu mno, hata hazionekani ila kwa darubini. Mbili tu ndizo zionekanazo bila taabu kwa macho matupu, nazo ni Wingu Kubwa na Wingu Dogo la Magellan.

Wingu Dogo lina nyota mamia ya mamilioni, nalo lipo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 200,000. Mwaka wa nuru ni mwendo ambao nuru huenda kwa mwaka mmoja, yaani kilometa zipatazo trilioni 9.5. Kwa hiyo nuru ya wingu hilo ionekanayo leo Mbamba Bay ilianza safari yake yapata miaka 200,000 iliyopita, wakati binadamu wa aina yetu, ambao mabaki yao yalichimbuliwa Omo Kibish nchini Ethiopia, walikuwa tayari wakiishi katika upande huu wa Afrika.

Galaksi hii haina umbo maalumu. Imevutwa na kunyumbuliwa na majirani zake, hasa Wingu Kubwa, hata gesi ya haidrojeni imetandazika baina ya mawingu hayo mawili mfano wa daraja. Tena ni maskini wa elementi nzito. Kiasi cha elementi kama oksijeni na chuma kilichomo ndani yake ni karibu moja ya tano tu ya kile kilichomo katika Jua. Umaskini huo ndio unaoipa thamani machoni pa mtafiti, kwani galaksi za kale kabisa za ulimwengu zilikuwa na upungufu wa namna hiyo hiyo. Mwezi Januari 2023 ilitangazwa picha ya darubini ya anga ya James Webb inayoonyesha NGC 346, mahali zinapozaliwa nyota ndani ya Wingu Dogo. Picha hiyo ilidhihirisha kuwapo kwa vumbi kandokando ya nyota changa, nayo ni dalili kwamba hata katika mazingira maskini kama yale malighafi ya kufanyizia sayari hupatikana. Basi alitazamaye Wingu Dogo huangalia pia mfano wa jinsi mambo yalivyokuwa zamani sana.

USIKU WA GIZA PALE LIULI

Baada ya swali la yule msichana nilirudi nyumbani mwezi wa Oktoba. Niliteremka kutoka milima ya Umatengo, penye mashamba ya ngoro na kahawa, hadi Liuli kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Nilichagua siku za giza, wakati mwezi unapokuwa haujaandama. Nilipofika ndipo nilipokumbuka kwamba kalenda yangu na kalenda ya wavuvi wa usipa ni moja. Wao pia huungojea usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu taa zao huwavuta samaki vizuri zaidi penye giza.

Ilipotimu saa 4 za usiku nilisimama ufukoni nikaelekea kusini. Kushoto kwangu kidogo, kwa kimo cha ngumi tatu na nusu juu ya upeo, ilikuwapo nyota moja iliyong'aa kuliko zote za sehemu ile. (Ngumi ya mkono ulionyooshwa mbele ya uso ni kipimo cha digrii 10 hivi.) Nyota hiyo ni Achernar, jina litokanalo na maneno ya Kiarabu yenye maana ya mwisho wa mto. Chini yake kuelekea kulia, kwa umbali wa ngumi moja na nusu, palikuwa na doa jeupe lililofifia, pana kuliko mwezi mpevu mara kadhaa. Nilipolikazia macho lilififia zaidi. Nilipotazama pembeni kidogo lilijitokeza tena. Hiyo ndiyo desturi ya jicho la binadamu gizani. Ndipo nilipoliona, nikiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, kitu nilichoandika habari zake kurasa mamia.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa karibu nami akiziandaa taa zake. Nilimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Watafuta nini huko juu?" Nilimwonyesha. Akatazama kidogo tu, kama mtu aonyeshwaye mti wa nyumbani kwake, akasema, "Ah, yale. Yale ni mawingu yasiyoleta mvua. Tangu nikiwa mtoto yako pale pale. Hata mwera ukivuma namna gani, hayasogei."

Msomaji atafakari maneno hayo. Ndani yake mna ushahidi wa miaka mingi, mna ulinganifu baina ya mawingu ya hewani na kitu kingine kifananacho nayo, na mna jaribio, kwani upepo uyasogezao mawingu mengine hauyasogezi haya. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya sayansi yoyote. Mzee yule aliianza peke yake, na shule haikumpa hatua ya pili. Mimi nilipewa hatua ya pili, ya tatu na ya kumi, bila ya kupitia ile ya kwanza. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata elimu kamili.

TAA ZA WAVUVI NA NYOTA ZA LEAVITT

Ngoja sasa nieleze kwa nini doa hilo hafifu ni kitu kikubwa katika historia ya elimu ya nyota.

Kupima umbali wa nyota ni kazi ngumu kwa sababu moja iliyo rahisi kuelezwa. Nyota ikionekana hafifu, huenda kweli ina mwanga mdogo, au huenda ina mwanga mkubwa lakini iko mbali. Kwa kutazama tu hatuwezi kujua. Hali hii yaonekana wazi ziwani. Mtu akisimama pwani akaona taa moja ing'aayo na nyingine iliyofifia, hawezi kusema kama ile ya pili ni taa ndogo iliyo karibu au taa kubwa iliyo mbali.

Lakini tuseme mitumbwi yote ya kijiji imekwenda pamoja, nayo imekusanyika mahali pamoja mbali sana na ufuko. Hapo umbali wa kutoka pwani hadi kila mtumbwi ni karibu ule ule. Taa ionekanayo kubwa ni kubwa kweli, na ionekanayo ndogo ni ndogo kweli. Tofauti ya umbali imeondolewa, na iliyobaki ni tofauti ya taa zenyewe.

Hivyo ndivyo alivyofikiri Bibi Henrietta Leavitt, aliyekuwa mfanyakazi wa kituo cha kuchunguza nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Kazi yake ilikuwa kuvichunguza vioo vya picha vilivyopigwa katika kituo cha chuo hicho huko Arequipa, nchini Peru, na kutafuta nyota ambazo mwanga wake hupungua na kuongezeka. Mwaka 1908 alitoa orodha ya nyota 1,777 za namna hiyo katika Mawingu ya Magellan. Mwaka 1912 ilichapishwa taarifa yake fupi iliyohusu nyota 25 za Wingu Dogo, za aina iitwayo Sefeidi. Aligundua kwamba kadiri nyota inavyochukua siku nyingi zaidi kupungua na kuongezeka mwanga, ndivyo mwanga wake ulivyo mkubwa zaidi. Kwa kuwa zote zimo katika Wingu Dogo, na umbali wao kutoka kwetu ni karibu mmoja, uhusiano huo haukuweza kuwa udanganyifu wa umbali. Ulikuwa tabia ya nyota zenyewe.

Faida yake ni hii. Tukiiona nyota ya Sefeidi mahali popote angani, twaweza kuhesabu siku zake. Siku hizo zitatuambia ukubwa wa mwanga wake halisi. Na tukilinganisha mwanga halisi na ule uonekanao, tutapata umbali. Nyota mbili zikiwa na siku sawa, na moja ikaonekana hafifu mara 100 kuliko nyingine, basi hiyo iko mbali mara 10 zaidi, kwa maana mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kwa njia hii Edwin Hubble, katika miaka ya 1923 na 1924, aliweza kuonyesha kwamba kile kilichodhaniwa kuwa wingu la gesi katika kundi la nyota la Andromeda ni galaksi kamili, iliyo nje kabisa ya galaksi yetu. Ukubwa wa ulimwengu ulifahamika kwa kutumia kipimo kilichopatikana katika Wingu Dogo. Bibi Leavitt hakuyaona matunda hayo, kwani alifariki mwaka 1921.

Kuna jambo moja hapa ninalotaka waalimu walione. Leavitt alifanya kazi yake mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, mahali ambapo Wingu Dogo halichomozi. Alikuwa na vioo vya picha, hakuwa na anga. Sisi tunayo anga. Na siku hizi hata vipimo vimekuwa wazi kwa kila mtu, kwa sababu mradi wa OGLE wa Chuo Kikuu cha Warsaw, wenye darubini yake huko Las Campanas nchini Chile, umetoa hadharani orodha ya Sefeidi za Wingu Dogo zipatazo 5,000, pamoja na siku zake na mwanga wake. Shule yenye kompyuta moja yaweza kuuchora upya mchoro wa mwaka 1912.

AFRIKA IMO KATIKA HABARI HII

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wamarekani na Wazungu, na kwamba sisi ni watazamaji tu. Historia haikubaliani nao.

Kipimo cha Leavitt kilikuwa na kosa moja katika urekebishaji wake, na umbali uliotumiwa kwa miaka mingi ulikuwa mdogo mno. Mwaka 1952, katika mkutano wa wanaastronomia wa dunia uliofanyika Rome, Walter Baade alitangaza kwamba umbali wa Andromeda hauna budi kuongezwa kiasi cha mara mbili. Katika mkutano huo huo David Thackeray alisimama akaunga mkono kwa ushahidi uliopatikana Afrika: yeye na wenzake, wakitumia darubini ya Radcliffe mjini Pretoria yenye kioo cha kipenyo cha meta 1.9, walikuwa wamepata nyota za aina nyingine katika Mawingu ya Magellan, na ufifi wa nyota hizo ulionyesha kwamba mawingu hayo yako mbali zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Darubini hiyo ilihamishiwa Sutherland katika miaka ya 1970, mbali na taa za miji.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, chombo cha anga cha kupima eksirei kutoka kwenye nyota kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo kiliitwa Uhuru. Vipimo vya Uhuru vilionyesha kwamba chanzo kimoja cha eksirei kilichomo katika Wingu Dogo, kiitwacho SMC X-1, hupatwa kila baada ya siku 3.9 hivi. Maana yake ni kwamba mle mna nyota mbili zizungukanazo, na ile kubwa huificha ndogo kila mzunguko. Chombo chenye jina la Kiswahili, kilichorushwa kutoka pwani ya Waswahili, kilitupa habari za galaksi ionekanayo kutoka Ziwa Nyasa. Sidhani kama ni wengi miongoni mwa wanafunzi wetu waliopata kuambiwa hivyo.

NYOTA YA MWAKA 1987

Kutokujua kuna hasara, nami nitataja moja iliyonipata. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, Ian Shelton na Oscar Duhalde, wakiwa Las Campanas, waliona nyota mpya katika Wingu Kubwa. Ilikuwa nyota kubwa iliyolipuka. Duhalde aliitambua kwa macho matupu, kwa sababu alilizoea wingu lile kiasi cha kujua kwamba kitu kimeongezeka. Tangu mwaka 1604 haikuwa imeonekana nyota ya kulipuka iliyong'aa kiasi kile machoni pa watu. Mitambo ya chini ya ardhi nchini Japani, Marekani na Urusi ya Kisovieti ya wakati ule ilinasa chembe za nyutrino zipatazo 24 kutoka katika mlipuko huo, na kwa mara ya kwanza nadharia ya kufa kwa nyota ikathibitishwa.

Nyota hiyo ilifikia kilele cha mwanga wake mwezi Mei 1987, wakati ambapo kwetu mvua zinakoma na anga inatakata. Jioni za mwezi huo, giza lilipoingia, ilikuwa juu kidogo ya upeo upande wa kusini, kuelekea magharibi. Mimi nilikuwa darasa la kwanza. Nililala mapema kila usiku wa mwezi ule, na habari hizi nilikuja kuzisoma ughaibuni, katika maktaba ya watu, miaka mingi baadaye. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba nuru ile ilitufikia sisi kama ilivyowafikia wengine, na atakayeiona nyota ijayo ni yule aliyekwisha kulizoea wingu.

PINGAMIZI

Najua majibu nitakayopewa na waalimu wenzangu, na baadhi yake ni ya haki.

La kwanza ni mtihani. Muhtasari wa Fizikia uliotumika kwa miaka mingi uliiweka mada ya elimu ya nyota karibu na mwisho wa Kidato cha Nne, na mtihani wa taifa hufanywa mwezi Novemba. Oktoba, mwezi bora wa kulitazama Wingu Dogo jioni, ndio mwezi ambao hakuna mwalimu athubutuye kumtoa mwanafunzi wa Kidato cha Nne kwenye daftari zake. Nakubali. Basi tuwatoe wa Kidato cha Kwanza na cha Tatu, ambao hawakabiliwi na mtihani wa taifa. Watakapofika kwenye mada yenyewe watakuwa wameiona tayari.

La pili ni ukosefu wa vifaa. Maabara nyingi hazina kemikali za kutosha. Je, tuanze kutafuta galaksi? Nasema kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuanza nayo, kwa kuwa ni kifaa pekee cha maabara ambacho hakiishi wala hakivunjiki. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zifundishe kwa kutegemea mazingira ya mwanafunzi. Tulitafsiri jambo hilo kuwa jembe na shamba la shule, na kwa hakika shamba lina mafunzo yake. Lakini anga pia ni mazingira yetu. Kitabu kilichoandikwa kaskazini humfundisha mtoto wa Mbinga kutafuta Nyota ya Kaskazini, ambayo kwake iko chini ya upeo daima, kisha hakimwambii neno juu ya galaksi mbili zilizo juu ya paa la bweni lake.

La tatu ni jina. Mawingu haya yalipewa jina la Magellan kwa sababu Antonio Pigafetta, aliyesafiri naye katika safari ya kuizunguka dunia iliyoanza mwaka 1519, aliyaeleza katika kumbukumbu zake, ingawa watu wa kusini mwa dunia walikuwa wakiyaona tangu kale. Mwaka 2023 mwanaastronomia Mia de los Reyes alitoa hoja kwamba jina hilo libadilishwe, kwa ajili ya ukatili ambao Magellan aliwatendea wenyeji wa nchi alizozifikia. Hoja yake ina uzito. Hata hivyo, kwa upande wetu, naona kuona kutangulie kutaja. Mzee wa Liuli hakuhitaji jina la Magellan ili ayajue mawingu yale.

La nne ni jambo ambalo si pingamizi, bali ni onyo. Tangu njia kubwa ya umeme kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018, taa zinaongezeka katika miji yetu ya Ruvuma. Nafurahi, kwani nilisomea kibatari. Lakini taa ya nje isiyofunikwa juu hupoteza umeme angani bila kumfaa mpita njia, na huyafuta mawingu haya machoni petu. Kifuniko cha bati kinatosha kuirudisha nuru chini inakohitajiwa. Pretoria walichelewa kulifahamu hilo, wakalazimika kuihamisha darubini. Sisi tungali na nafasi.

LA KUFANYA

Napendekeza mambo matatu tu, ambayo shule yoyote ya Mbinga, Nyasa au Songea yaweza kuyafanya mwaka huu.

Kwanza, mwezi Oktoba, katika wiki ya giza, wanafunzi watoke uwanjani saa 4 za usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, wakae robo saa hadi macho yazoee. Waitafute Achernar, kisha walitafute Wingu Dogo kama nilivyoeleza. Kando yake, upande wa kulia, wataona nukta iliyovimba kama nyota yenye ukungu. Hiyo ni 47 Tucanae, kishada cha nyota kilichomo katika galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 14,500. Angani vitu hivyo viwili huonekana jirani, kumbe kimoja kiko mbele sana, mfano wa taa ya mtumbwi mbele ya milima ya ng'ambo. Wakivumilia hadi usiku wa manane wataliona pia Wingu Kubwa likipanda, pamoja na Suheli, nyota ambayo watu wa pwani walilifanya jina lake kuwa jina la upande wa kusini.

Pili, kila mwanafunzi achore alichokiona, aandike tarehe na saa, na arudie baada ya mwezi mmoja kwa saa ile ile. Michoro miwili hiyo itamfundisha mwendo wa dunia kuliko ukurasa wa kitabu.

Tatu, darasani, wajaribu kanuni ya kupungua kwa mwanga. Karatasi nyeupe idondoshewe tone moja la mafuta ya kupikia, isimamishwe wima katika chumba chenye giza. Upande mmoja uwekwe mshumaa mmoja kwa umbali wa sentimeta 50. Upande wa pili iwekwe mishumaa minne ya aina ile ile, iliyokaribiana, kwa umbali wa sentimeta 100. Doa la mafuta litafifia hadi karibu litoweke, kwa maana mwanga wa pande zote mbili umelingana. Umbali umezidi mara mbili, nayo mishumaa imehitajiwa mara nne. Kwa kanuni hiyo hiyo Hubble alifika Andromeda.

Mwaka uliofuata nilimwandikia mwalimu wa yule msichana, nikamwomba amwambie kwamba sasa naweza kujibu ndiyo. Alinijibu kwamba walikuwa wamekwisha kutoka nje wenyewe bila ya kuningoja. Walihangaika kwa muda, hawakuliona, mpaka mlinzi wa usiku wa shule alipowauliza wanatafuta nini, kisha akawanyoshea kidole. Alikuwa akiliona kila mwaka, asijue kwamba ni kitu ambacho watu husomea.

Mtu wa namna hiyo yuko katika kila shule yetu. Nawaomba waalimu wamtafute, wamsikilize, kisha wamweleze kile anachokiona.